Kumwaga oili ya injini nyumbani: maswali yanayoulizwa sana na majibu yake

Haya maswali ndo yanayorudi kila siku kwa wenye IST, Passo, Premio, Probox, Forester na hizi gari zingine za Japani tunazoendesha huku kwetu. Mifano mingi nimetoa kwenye injini ya 1NZ-FE ya Toyota maana ndo iko kwenye IST, Premio za 1500, Allion, Probox na Vitz kibao, ila mambo ni yale yale kwa gari nyingi za petroli. Kama gari yako ni dizeli au ina tabo soma pia kitabu chake, kuna tofauti kidogo.

Mtu wa kawaida anaweza kweli kumwaga oili mwenyewe bila fundi?

Anaweza. Ni kazi ya kufungua bolti moja, kufungua filta moja, kurudisha vyote viwili na kumimina oili mpya juu, na ukishaizoea haifiki hata saa nzima. Faida kubwa sio ile hela ya ufundi, maana huku kwetu ufundi wa kumwaga oili ni hela ndogo. Faida ni kwamba unajua kwa uhakika nini kimeingia kwenye injini yako. Unajua oili ni namba gani, imenunuliwa wapi, imeingia lita ngapi, filta imebadilishwa kweli au imefutwa tu na kitambaa ikaachwa pale pale, wosha (ile ringi ndogo inayokaa chini ya bolti) ni mpya au ya zamani. Injini ya 1NZ inatumia timing cheni, sio mkanda, na kile kikazio cha cheni kinasukumwa na presha ya oili, halafu VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) nayo inafanya kazi kwa oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba vyenye kichujio kidogo. Oili mbovu au iliyopitiliza inaanza kuumiza hapo, cheni inaanza kupiga kelele asubuhi, gari inakosa nguvu, na mwenye gari anabaki anabadilisha plagi na koili bila mafanikio.

Kuna njia ngapi za kutoa oili chafu?

Kwa nyumbani ni tatu. Ya kwanza ni ya chini, unafungua bolti ya sampo (lile bakuli la oili chini ya injini) na oili inashuka yenyewe. Ya pili ni ya juu, unapitisha mpira mwembamba kwenye bomba la dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili) na kuinyonya kwa pampu. Ya tatu ni ya chini pia ila badala ya bolti unakuwa umefunga valvu ndogo yenye kishikio, ukitaka kumwaga unageuza tu kwa kidole. Hii ya tatu lazima ianze na ya kwanza mara moja, maana valvu inakaa pale pale bolti ilipokuwa.

Ukiniuliza mimi, mtu anayeanza aanze na ya chini. Utaliona tumbo la injini yako, utaona kama kuna sili inavuja, kama buti la shafti (ule mpira unaofunika jointi ya shafti ya tairi) limepasuka, kama kinga ya chini inaning'inia. Pampu ni nzuri sana kwa baadhi ya gari na kwa mtu asiye na sehemu salama ya kunyanyulia gari, nitaifikia.

Kabla ya yote, naingiaje chini ya gari bila kujiua?

Swali hili ningependa kila mtu alisome mara mbili. Usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Hata kichwa, hata mkono, hata "nachungulia tu sekunde moja". Ile jeki inayokuja na gari imetengenezwa kwa ajili ya kubadilisha tairi ukiwa umesimama pembeni, na hata jeki nzuri ya haidroliki sili yake inaweza kuachia muda wowote. Unanyanyua kwa jeki, unaweka standi za chuma mbili, unashusha gari ikae juu ya standi, unaitikisa kidogo ukiwa nje uone kama imetulia, ndo unaingia. Matofali ya sementi usitumie kabisa, yanabeba mzigo vizuri halafu yanapasuka ghafla bila onyo. Tairi ya akiba ilaze chini ya gari pembeni yako, kama kitu kikiteleza gari itadondokea tairi kwanza.

Kuna jambo moja watu wanalisahau. Gari nyingi hizi zinavuta kwa tairi za mbele, na ukiweka gia kwenye P unafunga tairi za mbele tu. Sasa ukishanyanyua mbele, zile tairi zilizofungwa na P ziko hewani, kinachoizuia gari isitembee ni hendibreki pamoja na mawe uliyoweka tairi za nyuma. Kwahiyo hendibreki ivutwe kisawasawa, na mawe au vipande vya mbao viwekwe mbele na nyuma ya tairi za nyuma zote mbili kabla hujagusa jeki. Sehemu iwe ngumu na tambarare, sio mchanga wala nyasi, standi inazama. Kama kwenu ni mchanga tupu tafuta sehemu yenye sakafu, hata kwa jirani.

Kwenye kunyanyua, jeki ya pembeni inakaa chini ya mlango pale kwenye ukingo wa bodi wenye alama mbili za kukatwa. Usiweke jeki kwenye sampo yenyewe, inabonyea au kupasuka.

Kama una rampu za chuma zinazobeba uzito wa gari yako hizo ni raha zaidi, unapanda nazo polepole na mtu anakuongoza, halafu unafunga tairi za nyuma vile vile kwa mawe. Na gari zilizo juu juu kama Prado au Hilux unaweza usinyanyue kabisa, unalala tu na kuingia.

Nipe hatua za kumwaga kwa bolti ya chini

Vifaa kwanza: oili mpya, filta mpya, wosha mpya ya bolti ya sampo, boksi spana namba 14 (Toyota nyingi ni 14, Honda nyingi na Subaru zenye injini ya EJ ni 17), kifungulio cha filta, beseni linaloingia lita 5 na zaidi, faneli, matambara, glovu. Vaa glovu kweli, oili iliyotumika ina uchafu wa mwako na kuigusa ngozi kila mara kwa miaka mingi kumehusishwa na saratani ya ngozi.

Washa gari dakika tano hivi ipate joto, isichemke. Oili ya uvuguvugu inashuka haraka na inabeba uchafu, ila ile ya moto kabisa itakuunguza mkono na hata bomba la ekzosi liko karibu. Zima, nyanyua gari kama nilivyosema hapo juu, fungua kifuniko cha kumiminia oili juu na chomoa dipstiki kidogo ili hewa iingie. Kingine, hakikisha kile kifuniko kinafunguka na oili mpya unayo mkononi KABLA hujamwaga ya zamani.

Chini, itafute bolti ya sampo na uwe na uhakika ndo yenyewe (soma swali la giaboksi huko chini). Weka beseni, kumbuka oili inaruka kwa mbali mwanzoni halafu inasogea karibu jinsi inavyopungua. Legeza kwa spana kuelekea kushoto, malizia kwa vidole huku unaisukuma bolti kwa ndani, na ikifika mwisho iondoe ghafla kwa pembeni. Iache ichuruzike mpaka ianze kudondoka tone tone, dakika kumi au kumi na tano inatosha.

Wakati inachuruzika safisha bolti, iangalie kama ina vumbi la chuma. Kidogo kama unga ni kawaida, vipande vinavyoonekana sio kawaida. Toa wosha ya zamani, wakati mwingine imebaki imeng'ang'ania kwenye sampo yenyewe na watu wanaweka mpya juu yake. Rudisha bolti kwa vidole mpaka ikae, halafu kaza kwa spana. Kwa 1NZ nguvu inayotakiwa ni Nm 37 hivi, bila spana ya kupimia nguvu maana yake ni kukaza kwa mkono mmoja kwa spana fupi mpaka iwe imara, basi. Usikanyage spana kwa mguu wala kuongezea bomba.

Halafu filta. Weka beseni chini yake, fungua, nayo itamwaga kidogo. Hapa angalia sana: mpira wa filta ya zamani utoke pamoja na filta. Ukibaki umeganda kwenye injini na wewe ukafunga filta mpya juu yake, mipira miwili inakuwa imepandana, na ukiwasha gari presha inausukuma nje na oili yote inamwagika barabarani ndani ya dakika chache. Injini zimekufa kwa kosa hili na lilikuwa linazuilika kwa kupitisha kidole tu. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, funga kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Kifungulio ni cha kufungulia, usikitumie kukazia.

Shusha gari, mimina oili ukiacha kama nusu lita ya mwisho, pima, ongeza kidogo kidogo. Washa bila kupiga resi, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, iache inaunguruma dakika moja huku unachungulia chini kama kuna kinachodondoka. Zima, subiri dakika tano mpaka kumi, pima tena sehemu tambarare.

Vipi hii pampu ya kunyonya kupitia dipstiki, si inaacha uchafu chini?

Inategemea gari. Kuna gari ambazo bomba la dipstiki linafika chini kabisa ya sampo, Mercedes nyingi ni hivyo na hata karakana kubwa zinanyonya badala ya kufungua chini. Kuna zingine mpira unagota kwenye kona au unajikunja na kuelea juu ya oili, hapo unaacha sehemu kubwa ya oili chafu na hujui. Njia ya kujua ni kupima. Mimina ulichonyonya kwenye chupa zenye alama za lita. Kama gari yako inachukua lita 3.4 bila filta na umetoa 2.5, na dipstiki ilikuwa inasoma kawaida kabla hujaanza, basi pampu haifai kwa gari hiyo au mpira haujafika chini, uvute urudishe tena. Ukipata 3.2 au zaidi uko sawa.

Pampu zipo za kuvuta kwa mkono zenye tanki, hizi ndo nazipenda, unavuta mara kadhaa halafu unaiacha inanyonya yenyewe. Zipo ndogo za umeme wa betri volti 12, zinafanya kazi ila ni taratibu na zinapata joto, usiache inazunguka tupu. Oili iwe ya uvuguvugu kwa pampu yoyote, ya baridi ni nzito na ya moto sana inalainisha mpira. Kuna watu wanaanzisha kwa kunyonya kwa mdomo kama wanavyofanya petroli. Usifanye, ni sumu na ikiingia kwenye mapafu ni hospitali.

Pampu ina maana sana kwa gari ambayo filta yake iko juu. Subaru mpya zenye injini ya FB filta unaiona ukifungua boneti, hapo unanyonya juu, unabadilisha filta juu, hujalala chini hata kidogo. Ila kwa 1NZ filta inafikiwa kwa chini, kwahiyo hata ukinyonya oili bado utalazimika kuingia chini kwa ajili ya filta, sasa umeokoa nini? Na Forester za EJ filta iko chini imezungukwa na mabomba ya ekzosi, hiyo subiri ipoe kabisa.

Ushauri wangu kwa anayetumia pampu: mara moja moja mwaga kwa chini, ule uji (uchafu mzito wa oili) uliolala kwenye sakafu ya sampo haupandi kwenye mpira.

Ile valvu ya kufunga badala ya bolti inafaa barabara zetu?

Valvu zenyewe ni nzuri, maarufu ni za Fumoto ya Japani. Ndani kuna tufe dogo linalozunguka kufungua na kufunga, na kishikio chenye kifungio, hakijifungui hovyo. Inakuondolea shida ya kukaza na kulegeza bolti kila mara mpaka meno yalike. Shida ni moja, inachomoza. Kama bolti yako ya sampo inaangalia chini moja kwa moja na gari iko chini kama Passo au IST na unapita kwenye mawe na matuta ya mtaani, kitu kinachochomoza chini ya sampo ni hatari, jiwe moja likiipiga oili yote iko chini. Kama bolti inaangalia nyuma au pembeni na ipo juu ya ukingo wa sampo, au una kinga ya chuma chini, funga bila wasiwasi. Hakikisha saizi ya meno ni ya gari yako, Toyota nyingi ni M12 kwa 1.25 (unene milimita 12, meno yameachana milimita 1.25).

Nilifungua bolti ikatoka oili nyekundu, nimefanya nini?

Umemwaga oili ya giaboksi. Usiwashe gari, usiiendeshe hata mita moja. Na zaidi ya yote usiende kumimina oili mpya kwenye injini, maana injini bado ina oili yake yote na ukiongeza lita 4 juu yake umeijaza mara mbili.

Hii inatokea sana. Bolti mbili zinakuwa zimekaribiana na zote ziko chini. Giaboksi nyingi za otomatiki za Toyota bolti yake inafunguliwa kwa alenki (ile spana ya pembe sita inayoingia ndani ya bolti), Honda nyingi ina tundu la pembe nne la kuingiza mpini wa boksi spana moja kwa moja, wakati ya injini ina kichwa cha kawaida cha pembe sita. Fuata upande: ukiwa chini, tafuta ule upande wenye mikanda, hapo ndo kwenye injini, giaboksi iko upande wa pili. Kwenye Subaru injini iko mbele kabisa na giaboksi inafuata nyuma yake. Kama imeshamwagika, rudisha bolti, tafuta ATF (oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida) au oili ya CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua) iliyo sahihi kwa kitabu cha gari na uweke kiasi kile kile kilichotoka, kwahiyo usiimwage ile ya kwenye beseni kabla ya kuipima. CVT haikubali ATF ya kawaida, hapo usibahatishe.

Bolti imegoma, au imekula meno. Nafanyaje?

Imegoma: hakikisha kwanza unageuza kushoto (ukiwa umelala chini mwelekeo unachanganya), tumia boksi spana ya pembe sita sio ya pembe kumi na mbili, na spana ya wazi usitumie inazungusha kichwa. Injini ikiwa na joto inaachia rahisi. Ikizunguka bila kukaza wakati wa kurudisha ujue meno yamelika. Kama yamelika ya bolti peke yake nunua bolti mpya, bei ndogo. Kama ni ya sampo, kuna bolti za saizi ya juu kidogo zinazojichongea meno, au fundi anaweza kuchonga na kuweka meno mapya ya chuma. Kuzungushia plastiki na kukaza kwa nguvu kutakufikisha gereji tu, usiitegemee kwa safari.

Oili gani niweke? Fundi anasema gari ya zamani iwekwe nzito

Soma kifuniko cha kumiminia na kitabu. 1NZ inakwenda vizuri na 5W-30. Namba ya kwanza yenye W ni tabia ya oili ikiwa baridi, ya pili ni uzito ikiwa na joto la kazi. Injini ya moto Dar es Salaam na injini ya moto Tokyo zote zina joto linalokaribiana kwa sababu thermostati ndo inaliamua, kwahiyo hoja ya "huku kwetu kuna jua weka 20W-50" haina uzito watu wanaoudhani. Kama injini imechoka na inakula oili, kupanda hadi 10W-40 ni sawa. Kurukia SAE 40 au 20W-50 kwenye injini yenye VVT-i bila sababu naona ni kuinyima oili asubuhi wakati inapoihitaji kuliko wakati wowote.

Kitu ambacho watu hawasomi kabisa ni herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayoweka viwango vya oili. Kuna oili za bei ya chini bado zinauzwa zikiwa na API SF, na API wenyewe wanasema SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. IST imeanza kutengenezwa 2002! Tafuta SL kwenda juu, yaani SM, SN au SP. SN ilikuja 2010 na SP 2020, hizo zote zinafaa kwa gari za miaka ya nyuma yake.

Lita ngapi?

1NZ-FE ni 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 bila filta. Passo ya 1KR ni 3.1 na filta. Kwahiyo galoni ya lita 4 inatosha IST na kidogo kinabaki cha kuongezea. Usimimine galoni yote eti ibaki nini. Ikizidi, krenkishafti inaipiga mpaka inatoa povu, povu halilainishi chuma na sili zinaanza kuvuja. Kati ya alama ya chini na ya juu ya dipstiki kwa gari nyingi ni kama lita moja, lenga karibu na ya juu usiipite.

Filta nibadilishe kila mara?

Ndio. Filta ya zamani imebeba karibu theluthi ya lita ya oili chafu, unaichanganya na mpya siku ya kwanza.

Baada ya kilomita ngapi?

Toyota huko Japani kwa injini za petroli zisizo na tabo wanaandika km 15,000 au mwaka mmoja kwa matumizi ya kawaida, na km 7,500 au miezi sita kwa matumizi magumu. Watu wanaishika ile ya kwanza wanaacha ya pili. Matumizi magumu ni vumbi, safari fupi fupi, kusimama muda mrefu injini ikiwa inaunguruma. Hayo ni maisha ya kila siku ya mtu anayetoka Mbagala kwenda Posta au anayekaa kwenye jam ya Thika Road, injini inafanya kazi saa mbili na odometa imesogea kilomita kumi na tano. Kwa oili ya kawaida mwaga kila km 5,000, kwa sintetiki nzuri ishia 7,500, na hata kama gari imelala miezi sita mwaga. Na kama umeagiza gari kutoka Japani angalia pembeni ya mlango wa dereva au chini ya boneti, mara nyingi kuna stika ya Kijapani yenye tarehe na kilomita za oili ya mwisho. Hiyo stika inakusaidia pia kujua kama odometa imechezewa.

Najuaje oili sio feki?

Nunua kituo cha mafuta chenye jina au wakala anayejulikana na udai risiti, usinunue kwa aliyetandaza chini hata kama ni pale pale Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi kwenye maduka ya spea. Angalia sili ya kifuniko, namba ya toleo iliyochapwa kwenye galoni, na gundi ya lebo. Ila jambo ambalo kila mmoja wetu anaweza kulifanya ni hili: ukimaliza kumimina na kulitumia kubebea oili chafu, toboa galoni kwa msumari au likate katikati. Galoni zima lenye lebo safi linaokotwa, linajazwa oili iliyochujwa kwa kitambaa na linarudi dukani kwa mtu mwingine. Naomba sana tulifanye wote.

Fundi anataka kusafisha injini kwa dizeli kwanza, nikubali?

Usikubali. Dizeli inaondoa ule utando wa oili unaotenganisha beringi na chuma, na injini inaunguruma hapo bila kinga. Mbaya zaidi inabandua uji uliokauka kwa mabonge, yanakwenda kuziba chujio la pampu ya oili chini ya sampo, na wiki inayofuata taa nyekundu inawaka. Injini chafu isafishe kwa kumwaga oili nzuri mara mbili tatu kwa km 2,000 au 3,000 kila mara, na filta mpya kila mara. Ni taratibu ila ni salama.

Oili imekuwa nyeusi baada ya siku chache. Imeharibika?

Hapana, inafanya kazi yake ya kubeba uchafu, na kwa dizeli inakuwa nyeusi karibu siku ile ile. Cha kuogopa ni rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki, hapo maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, egesha gari. Harufu kali ya petroli na oili kupanda juu ya alama nayo ipeleke kwa fundi.

Oili chafu niipeleke wapi?

Irudishe kwenye dumu lile ulilonunulia mpya, funga vizuri, halafu peleka gereji au kituo cha mafuta kinachofanya sevisi, wengi wana pipa la oili chafu na kuna wanaozikusanya kwa ajili ya tanuru na kusafishwa upya. Ukishaimimina huko ndo utoboe galoni. Usimwage kwenye mtaro, usimwage shimo la choo, usimwage nyuma ya nyumba. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, wanaeleza kwamba oili ya gari moja ya kubadilisha mara moja inaweza kuchafua galoni milioni 1 za maji safi. Sasa fikiria mtaa wenye visima, na huku kwetu watu wengi wanakunywa maji ya kisima.

Najua wengi wanapaka mbao na nguzo kuzuia mchwa. Inazuia kwa muda, ila mvua inaishusha kwenye udongo ikiwa na metali zake, kwahiyo usipake karibu na kisima, bustani ya mboga wala banda la kuku na mbuzi. Na filta ya zamani itobolewe kichwani na kuachwa inachuruzika usiku mzima kabla ya kutupwa.

Nimemaliza, nikague tena lini?

Kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha: pima dipstiki, chungulia chini ya gari kama sakafu ina doa. Halafu baada ya safari ya kwanza ya maana, kama km 50, shika bolti na filta zikiwa zimepoa uone kama kuna unyevu mpya. Baada ya hapo kila ukijaza mafuta mara ya pili pima oili, na andika tarehe, kilomita na namba ya oili kwenye karatasi ubandike ndani ya boneti.